Kona ya Mbele Kulia

Alikuja Jumanne, theluji imemgandia viatuni,
Danguolė, mjane wa Vytenis wa jengo la tisa,
akaweka ufunguo juu ya meza yangu
kama mtu anayerudisha cha kuazima.
"Linapiga goti," akasema.
"Kila asubuhi nalikuta limepiga goti moja,
kama linaniomba radhi."

Nikatoka naye hadi uani.
Jeusi, refu, lenye uzee wa heshima,
gari la mawaziri miaka ishirini iliyopita,
nyota bado wima juu ya boneti,
na kona ya mbele kulia imelalia tairi
hata kidole hakipiti.

Nilijua kabla sijawasha tochi.
Ila fundi lazima aonekane anatafuta.
Nikakoroga sabuni ya vyombo na maji vuguvugu,
nikapaka kwa brashi mpira wa mfuko wa hewa,
kunjo baada ya kunjo,
tukachuchumaa wawili, tukangoja,
nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Povu likaja. Dogo, punje ya mtama.
Likavimba, likapasuka, likaja jingine.

"Ni hapo," nikamwambia. "Mpira umechoka.
Hewa inatoroka usiku kucha, polepole, bila kelele,
na kompresa inahangaika kuirudisha
mpaka siku itakapoungua.
Mfuko mpya ni euro mia saba.
Uliokarabatiwa, nusu yake.
Au ning'oe mfumo wote, nikufungie springi za chuma:
halitaanguka tena,
lakini kila shimo la Kaunas utalijua kwa jina."

Hakuuliza bei. Aliuliza:
"Lilianza lini?"

Nikakunja kitambaa changu mara tatu.
Mimi ni fundi, si padri,
lakini ziko siri zinazoachwa gereji pamoja na gari,
na marehemu aliniminya bega, akasema: asijue.
Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tusemavyo.
Huyu kifo kilimpita kimya,
kikaja kuliumbua gari lake.

"Miaka miwili," nikasema.
"Pensheni haikutosha mfuko, wala nusu ya mfuko.
Akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri,
anashuka, anawasha injini,
anakaa humo mpaka linyanyuke,
ili majirani wakifungua mapazia
walikute limesimama.
Na wewe pia."

Trolibasi ikapita, nyaya zikatoa cheche.
Danguolė akacheka, kicheko kibaya,
cha mtu aliyekosea hesabu na mtihani umekwisha.

"Saa kumi na moja," akasema. "Viatu mkononi.
Nilizihesabu hatua zake ghorofa zote nne.
Nikajua kuna mwanamke.
Hata jina nilimpa: Nijolė wa chini,
yule wa nywele za kupaka.
Miaka miwili sikumpikia supu ya bitiruti.
Miaka miwili nililala nimempa mgongo,
naye anarudi na mikono ya barafu
anaiweka chini ya mto wake mwenyewe
asinishtue."

Povu likapasuka tena. Hakuna aliyelitazama.

"Nifungie ule wa nusu bei," akasema mwishowe.
"Lakini si wiki hii."
Akachukua ufunguo.

Alhamisi nilipita pale mapema, nikienda kuvuta lori.
Giza bado, madirisha yote yamefumba,
ila taa za lile gari zilikuwa zinawaka.
Alikaa upande wa abiria,
kilemba cha sufi, mikono ndani ya kwapa,
kiti cha dereva kitupu, mlango wake wazi kidogo.
Gari likawa linainuka, kidole kimoja,
likapumzika, kidole cha pili,
kama mtu mzito anayesaidiwa kutoka kitandani.
Sikupiga honi.

Kompresa iliungua Jumamosi.
Nilimtoza vipuri tu.